Alama Zilizopandana: Kutoka Khati ya Kilwa hadi Kanyagio la Piano

Kilwa ina majina mawili kwa sababu ya alama moja. Aliyehijai chuoni anajua kuwa jina hilo kwa khati ya Kiarabu huandikwa kwa herufi nne tu: kafu, lamu, wau, na ya mwisho ambayo wengine huifanya he na wengine alifu. Sauti inayotofautisha haimo katika herufi hizo. Imo katika kialama kidogo kinachowekwa juu au chini ya kafu. Kikiwa chini, ni kasra, na mji ni Kilwa. Kikiwa juu, kwa umbo la kijiwau, ni dhumma, na mji ni Kulwa.

Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Alipokuja kusimulia safari zake hakuiachia alama kazi ya kulilinda jina la mji. Alilieleza kwa maneno: kafu ina dhumma, lamu ina sukuni, wau ina fataha. Basi kwake yeye ilikuwa Kulwa. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Kilwa mwaka 1502 na Francisco de Almeida akawateremsha kwa mabavu mwaka 1505, waliandika Quíloa, kwa i iliyo wazi. João de Barros, aliyeifupisha tarehe ya masultani wa mji huo katika kitabu chake cha mwaka 1552, naye ana i hiyo hiyo.

Nani alisikia sawa? Mshairi akiulizwa swali kama hili hukimbilia kwenye vina. Tarehe ya mji ule ilitungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na mtu ambaye hakuliacha jina lake, ila alituachia kuwa alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Nakala tuliyo nayo iliandikwa Unguja mwaka 1877 na leo imo British Library, London, ikijulikana kwa nambari Or. 2666, S. Arthur Strong aliichapa mwaka 1895. Jina la kitabu ni Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, maliwazo katika habari za Kilwa. Sulwa na Kulwa: kina kimekaa mahali pake, na mtu aweza kusema kuwa mtungaji mwenyewe ametoa ushahidi wa dhumma yake. Lakini pole pole. Neno hilo la kwanza kwa Kiarabu husomwa pia salwa, na pasipo alama juu ya sini, shahidi wetu anasimama juu ya mguu wa shahidi mwingine. Na hata hiyo sulwa ikithibiti, itathibitisha namna wanazuoni walivyoliandika jina, si namna mvuvi wa Kisiwani alivyolitamka.

Nimeanza na jina hilo kwa sababu ndani yake mna suala zima ninalotaka kulieleza, ambalo ni hili: maandishi ya sauti, yawe ya maneno au ya muziki, yana tabaka mbili. Iko tabaka ya herufi, au ya noti, ambayo imeketi juu ya mstari wake na haisumbui. Na iko tabaka ya alama, inayozunguka ile ya kwanza juu na chini, ikisema jinsi ya kuitamka, kwa muda gani, ianze wapi na iachiwe wapi. Tabaka hii ya pili ndiyo inayosongamana. Alama mbili zikitaka kukaa mahali pamoja, mnakili huchagua. Na mara nyingi huchagua kufuta.

Msongamano huo ni wa kale kuliko Kilwa. Masimulizi ya wanazuoni yanasema kuwa Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 688, ndiye aliyeanza kuweka irabu katika msahafu, naye alitumia nukta za wino wa rangi: nukta juu ya herufi kwa fataha, chini kwa kasra, mbele yake kwa dhumma. Zama za al-Hajjaj, liwali wa Iraki, zikaongezwa nukta za namna nyingine, zile za kupambanua herufi zinazofanana, ili be isiwe te na te isiwe the. Sasa tazama yaliyotokea. Nukta ya irabu na nukta ya herufi zote ni nukta. Mwenye wino wa rangi mbili alisalimika. Mwenye wino mmoja, au msomaji wa usiku kwenye mwanga wa taa ya mafuta, aliona nukta tatu juu ya herufi moja asijue ipi ni ya mwili na ipi ni ya roho.

Aliyekata fundo hilo alikuwa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyeishi na kufa Basra katika karne ya 8. Sisi watu wa mashairi tunamjua kwa jambo jingine, kwani ndiye aliyeitungia Kiarabu elimu ya arudhi, akazipima bahari zake moja moja. Amma kwa upande wa khati, hakuzifuta nukta za mtu yeyote na hakuamuru wino zaidi. Alibadili umbo. Fataha akaifanya alifu ndogo iliyolazwa, dhumma akaifanya wau ndogo, kasra akaitoa katika ye, na kwa herufi iliyokazwa akaweka kichwa cha shini, ambacho ndicho shadda tunayoiona hata leo. Kwa hivyo nukta zikabaki kuwa mali ya herufi, na irabu zikapata nguo zao wenyewe. Sioni ajabu kuwa mtu mmoja alifanya kazi zote mbili. Anayepima mizani hawezi kuvumilia ukurasa usiosema ni silabi ipi iliyokazwa na ipi iliyotulia.

Khati hiyo, na nguo zake zote, ndiyo iliyofika pwani yetu. Kilwa iliitumia kwanza kwa Kiarabu chake: katika jiwe lililopatikana Husuni Kubwa lenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, na katika sarafu za shaba ambazo masultani walizitoa kwa wingi. Sarafu hizo hazina tarehe wala jina la mji, na hazina nafasi ya irabu. Lakini zina kina! Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zinaitikiana. Ali bin al-Hasan ameoanishwa na Mola wa minani, yaani wa neema, na mtu akizungusha sarafu kidoleni anapata ubeti. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia, na hakuna aliyeweza kueleza vyema zilivyofika huko. Najipa raha ya kufikiri kuwa ushairi wetu ulishawahi kusafiri ukiwa mfukoni.

Kiswahili chenyewe, kikiwa barua kamili mkononi, tunakikuta mwaka 1711. Barua za Kilwa za mwaka huo, zilizopelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao wa pwani, ndizo maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana, na zimehifadhiwa Goa, nchini India. Mwandishi mmoja miongoni mwao ni mwanamke, Mfalme Fatima, aliyekuwa akitawala Kilwa. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl waliichambua karatasi moja ya hifadhi hiyo mwaka 1994, na kazi yao inaonesha uvumilivu unaotakiwa kwa msomaji wa khati hizi.

Kwani ugumu ni mkubwa. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Kasra moja inabeba i na e. Dhumma moja inabeba u na o. Kwa hivyo kitu na kito vinaandikwa sawa, na tajiri aliyeandikiwa kuwa ameletewa kimoja hawezi kujua, kwa macho peke yake, kama afurahi. Pembe na pimbi nazo ni sawa, jambo ambalo katika bandari iliyouza pembe za ndovu kwa karne kadhaa si la kuchezewa. Zaidi ya hayo, makatibu wengi hawakuiandika nuni iliyotangulia dali, wala mimu iliyotangulia be, kwa kuwa mzaliwa wa lugha ataijaza mwenyewe. Pe, ve, che na ge ziliazimwa kutoka kwa majirani zao be, fe, shini na ghaini. Aliyepokea barua hakusoma kama anavyosoma mgeni. Alisoma kwa kukumbuka, na alama zilikuwa vigingi tu vya kuzuia kumbukumbu isipeperuke.

Wako waliojaribu kuongeza vigingi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na mmishionari W. E. Taylor ya kutafuta alama za kutenga e na i, o na u, na sauti nyingine ambazo Kiarabu hakizijui. Juhudi hiyo ilikuwa ya haki kabisa, ila kila alama mpya ni mpangaji mpya katika nyumba ile ile. Herufi iliyokuwa na nukta mbili na dhumma, sasa ina nukta tatu, dhumma ya namna ya pili, na pengine shadda.

Hapa sina budi kumleta mgeni asiyetarajiwa katika kurasa hizi. Kijana mmoja mwalimu wa kwaya kutoka Lindi aliniletea wimbo alioutunga, sauti nne na piano, ili nimtazamie maneno. Maneno yalikuwa safi. Kilichonishika macho kilikuwa chini ya mistari mitano ya mkono wa kushoto: vijineno na vinyota vimekanyagana hadi havisomeki. Niliuliza ni kitu gani. Akanieleza, na nilivyozidi kusikiliza ndivyo nilivyozidi kumwona al-Khalil.

Piano ina kanyagio la kulia. Ukilikanyaga, vizuizi vyote vya nyuzi vinanyanyuka na mlio unaendelea hata vidole vikiondoka. Ukiliachia, vinarudi na mlio unakatika. Kukanyaga huandikwa Ped., na kuachia huandikwa kinyota. Desturi ya kuandika alama hizo si ya kale sana. Daniel Steibelt, aliyekuwa Paris, ni miongoni mwa wa kwanza kuzichapisha, katika miaka ya 1790, na Chopin baadaye akazitumia kwa wingi. Tabu inazuka katika namna ambayo wapigaji wazuri hukanyaga. Mguu haunyanyuki kabla ya chodi mpya. Unanyanyuka pale pale vidole vinapoipiga, kisha unashuka tena mara moja, ili kusiwe na pengo la ukimya baina ya chodi mbili wala mlio wa kwanza usiingie katika wa pili. Kuachia na kukanyaga ni mambo mawili katika pigo moja. Sasa nenda ukayaandike. Kinyota kinataka kukaa chini ya noti ile, na Ped. mpya inataka kukaa chini ya noti ile ile.

Mchongaji wa zamani wa mabamba ya muziki aliona tatizo hilo kwa jicho akasogeza mkono. Programu ya kompyuta haina jicho hilo daima. Kijana wangu anatumia MuseScore, iliyoanza mwaka 2002 na haina malipo. Waliomtangulia walitumia Finale, iliyotoka mwaka 1988 na ambayo wenyewe walitangaza Agosti 2024 kuwa hawataiendeleza. Katika programu za namna hii kila alama imefungwa kwenye noti yake kama mashua kwenye gati. Mashua mbili zikifungwa gati moja, zinagongana.

Nilichokipenda ni kwamba kumbe kugongana huko ni kwa namna mbili, na dawa zake ni mbalimbali. Mahali pengine kijana alikuwa ameiandikia mikono yote miwili alama za kanyagio, mkono wa kulia zake na wa kushoto zake. Hapo msongamano ni wa bure: piano ina kanyagio moja la kazi hiyo, na mtu ana mguu mmoja wa kulikanyagia. Seti moja ifutwe, na ukurasa hautapoteza kitu. Lakini pale ambapo kinyota na Ped. vimekutana chini ya noti moja, msongamano ni wa kweli. Ukurasa unasema jambo lililotokea. Ukikifuta kinyota kwa ajili ya usafi, mpigaji mzoefu atafahamu kuwa Ped. mpya inadai mguu unyanyuke kwanza, lakini mwanafunzi atauacha mguu chini, na chodi mbili zitachanganyika kama rangi katika maji.

Basi dawa ni kusogeza, si kufuta. Kinyota kivutwe kushoto kidogo, kikae kabla ya noti, ingawa kwa kweli kinahusu noti yenyewe. Msomaji wa muziki anaujua uongo huo mdogo na anausamehe. Au, na hii ndiyo bora, maneno na vinyota viachwe kabisa na badala yake utumike mstari unaokwenda chini ya noti zote, wenye kichongo kidogo, kama paa la kibanda, kila mguu unaponyanyuka na kushuka. Alama mbili zimekuwa umbo moja, na umbo hilo linasema mambo yote mawili. Hii ni hila ya al-Khalil mtupu: usizidishe wino, usifute, badili nguo.

Na makatibu wetu waliijua hila hiyo kabla hapajakuwa na piano. Kasra mahali pake ni chini ya herufi. Lakini herufi ikiwa na shadda juu, makatibu wengi huipandisha kasra nayo ikakaa juu ya herufi, chini ya shadda. Fataha hukaa juu ya shadda, kasra chini yake, na zote mbili ziko juu ya herufi. Jicho lililozoea haliulizi. Chukua mfano wa neno ambalo kila mmoja wetu amelitumia tangu utotoni, mwalimu, ambalo asili yake ni mu'allim. Lamu ina shadda na kasra, na maana ni mwenye kufundisha. Iweke fataha badala ya kasra, ni mu'allam, aliyefundishwa. Tofauti baina ya mwalimu na mwanafunzi ni mstari mmoja mdogo, na jambo la pekee ni kama mstari huo uko juu au chini ya kijishini.

Kompyuta ilipokuja iliingia mtego huo kwa miguu miwili. Mpango wa Yunikodi, unaoipa kila herufi na alama ya dunia nambari yake tangu mwaka 1991, umezipa alama za Kiarabu pia nambari za mpangilio, na katika mpangilio huo fataha na kasra zinatangulia, shadda inafuata. Kwa hesabu si neno. Lakini programu inayochora kwa kufuata mpangilio huo kama ulivyo, ikianza na alama ya kwanza karibu na herufi, itaiweka fataha kwanza na shadda juu yake. Fataha imekaa chini ya shadda. Na msomaji aliyelelewa chuoni ataisoma kasra! Mu'allam amekuwa mu'allim. Na katika orodha ya masultani wa Kilwa, ambamo kina Muhammad hawaishi, Muhammad anakuwa Muhammid. Hakuna herufi iliyobadilika. Hakuna alama iliyopotea. Waliokusanya Yunikodi walilazimika kutoa waraka maalumu, ripoti nambari 53, kueleza jinsi alama hizo zinavyopaswa kupangwa upya wakati wa kuchorwa, shadda ikitangulizwa karibu na herufi.

Sijui kama mchoraji wa noti na mchoraji wa irabu wamewahi kukaa meza moja. Wangekuwa na mengi ya kuambiana.

Na sasa turejee Lindi, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikogusa ushairi moja kwa moja. Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi wa Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, na vita havikukoma hadi mwaka 1907. Ndani ya mwaka wa pili wa vita hivyo, 1906, Karl Weule wa Leipzig alishuka bandari ya Lindi akiwa na fonografu, chombo cha kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akapanda nayo hadi Masasi na Newala. Nta haijui irabu wala nukta. Hunasa kila kitu kwa pamoja, mwimbishaji na waitikiaji wakipandana, ngoma ikiwafunika wote wawili. Ni pale tu mtu anapokaa kuuandika wimbo huo kwenye mistari mitano ndipo anapolazimika kuamua sauti ipi imeishia wapi. Waitikiaji wetu huingia kabla mwimbishaji hajamaliza. Hiyo ndiyo adabu ya wimbo, na karatasi huiona kuwa ni kosa la mpangilio.

Katika mji huo huo wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. A. Lorenz aliuchapisha Berlin mwaka 1933 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, na mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wengi wetu tumeujua kwa njia hiyo, kwa herufi za Kilatini, zilizonyooka na safi, kila irabu imeketi katika safu sawa na konsonanti yake. Usafi huo una bei yake. Utenzi ukihamishwa kutoka khati moja kwenda nyingine, kila kasra inadai hukumu, ama i ama e, na kila dhumma inadai hukumu, ama u ama o. Katika nathari hukumu hiyo hupita kimya kimya. Katika utenzi inagusa kina. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vikiishia kwa kasra ile ile, jicho linaona vina vimetimia. Sikio linaweza kukuta kimoja ni i na viwili ni e. Je, mtungaji wa kusini aliviona vina hivyo kuwa ni sawa kwa sababu khati ilivifanya sawa? Au alama ilikuwa ikificha tofauti ambayo yeye aliisikia na kuiruhusu? Mhariri wa herufi za Kilatini hana pa kuliweka swali hilo. Safu yake ina nafasi ya irabu moja tu, na akiisha kuchagua, msongamano umekwisha na swali limekwisha nalo.

Siwalaumu Lorenz na Whiteley. Bila ya wao tungekuwa na nini? Ninalosema ni kwamba sisi tunaonakili leo hatuna udhuru wao. Makasha yenye karatasi za khati yangali katika nyumba za pwani, na vijana wanaozipiga chapa kwenye kompyuta hupenda kuziacha irabu kwa sababu zinapandana kwenye skrini, nukta za pe zikiingia ndani ya kasra, shadda ikipaa hadi mstari wa juu. Nimewasikia wakisema kuwa mjuzi atasoma hata bila irabu. Ni kweli, mjuzi atasoma. Lakini wajuzi waliosoma kwa kukumbuka wanakwisha, na mwanafunzi anayebaki ni yule yule anayeuacha mguu chini ya kanyagio. Fonti nzuri ya Kiarabu yenye kufuata waraka ule wa Yunikodi hupatikana bure, na kuongeza nafasi baina ya mistari ni kazi ya dakika moja. Alama iliyorudiwa na mkono wa pili, kwa wino mwingine, juu ya ile ya katibu wa kwanza, hiyo itengwe na itajwe pembeni, kama zile alama za mikono miwili kwa mguu mmoja. Alama mbili za mkono mmoja zisiguswe, ila zisogezwe.

Maana yawezekana kabisa kuwa katibu alikusudia zote mbili. Iko desturi ya kale ya makatibu wa Kiarabu ambayo ningependa irudi kwetu: neno likiwa na matamshi mawili yote sahihi, katibu huliwekea irabu zote mbili, kisha juu yake huandika kwa kalamu nyembamba neno maan, yaani pamoja. Hakuna kilichofutwa wala kilichochaguliwa, na msomaji hawezi kudhani kuwa ni wino uliomwagika. Mhariri wa barua za mwaka 1711 angeweza kuitumia kwa kila kitu na kito asichokuwa na hakika nacho. Na kwa jina la mji zilikotoka barua hizo kazi ingekuwa nyepesi zaidi: dhumma ya Ibn Battuta juu ya kafu, kasra ya Wareno na ya wavuvi chini yake, na maan juu ya zote. Hapo hapahitajiki hata kusogeza, kwani alama hizo mbili hazigusani.